Kuandika upya swali la kanzidata kwa kutumia mionekano: hatua kwa hatua, na gharama ya kila hatua

Mwongozo huu unamlenga mtu anayetunza kanzidata ya chama cha ushirika, ghala la mazao au ofisi yoyote yenye matawi, ambaye anatakiwa kujibu maswali bila kuyagusa majedwali ya asili. Hali hiyo ni ya kawaida huku Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Mfano nitakaoutumia ni wa chama cha wakulima wa viazi mviringo: seva yenye majedwali yote iko mjini Mbeya, na tawi la Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Iringa, lina nakala za mionekano michache tu. Tawi halipewi majedwali kamili kwa sababu mbili: mtandao hausomeki wakati wa mvua kubwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haituruhusu kusambaza taarifa za wakulima ovyo.

Kwa neno mwonekano nakusudia jedwali linalotokana na swali lililotungwa mapema na kupewa jina. Hapa kwetu matokeo yake yamehifadhiwa kama nakala. Kuandika upya swali ni kulitunga tena ili lisome mionekano peke yake na bado litoe jibu lilelile katika kila hali ambayo kanzidata inaweza kuwa nayo, si kwa data ya leo tu.

Imethibitishwa tangu mwaka 1995, katika kazi ya Alon Levy, Alberto Mendelzon, Yehoshua Sagiv na Divesh Srivastava, kwamba kuamua kama andiko jipya la namna hiyo lipo ni tatizo lililo NP-kamili. Maana yake ni kwamba ukiletewa andiko pamoja na ushahidi wake unaweza kulihakiki haraka, lakini hakuna anayejua njia ya kulipata haraka nyakati zote. Wengi wakisikia hivyo huogopa idadi ya magunia, yaani ukubwa wa data, na hapo ndipo wanapokosea. Ugumu huu unakua kwa urefu wa swali na wingi wa mionekano. Magunia laki moja au milioni moja hayaingii kabisa katika kazi ya kulitafuta andiko. Moshe Vardi aliyatenganisha mambo hayo mwaka 1982, yaani gharama inayopimwa kwa ukubwa wa data na ile inayopimwa kwa ukubwa wa swali, na hatua zote zinazofuata zinaegemea tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Andika swali na mionekano kama kanuni

Usianze na kompyuta. Chukua karatasi uandike majedwali ya asili kwa herufi. Mkulima(m, k) linasema mwanachama mwenye namba m anatoka kijiji k. Mzigo(z, m, a) linasema mzigo z uliletwa na mwanachama m, na viazi vyake ni vya aina a. Mauzo(z, n) linasema mzigo z ulinunuliwa na n. Tawi linataka kujua ni kijiji gani kimemuuzia mnunuzi gani:

S(k, n) ← Mkulima(m, k), Mzigo(z, m, a), Mauzo(z, n)

Upande wa kushoto ni kichwa, yaani kinachotakiwa kutoka. Upande wa kulia ni mwili, na kila kipande chake nitakiita sharti. Herufi inayorudiwa ndiyo inayounganisha majedwali. Herufi iliyo mwilini lakini haimo kichwani imefichwa, na katika swali letu zilizofichwa ni m, z na a. Mionekano iliyopo Makambako ni hii:

V1(z, k) ← Mkulima(m, k), Mzigo(z, m, a)
V2(z, n) ← Mauzo(z, n)
V3(m, n) ← Mzigo(z, m, a), Mauzo(z, n)
V4(m, k) ← Mkulima(m, k)
V5(m, a) ← Mzigo(z, m, a)

Kabla ya kuendelea, angalia kama swali lina sharti lisilo na kazi, kwa mfano sharti lilelile lililoandikwa mara mbili kwa herufi tofauti, ulifute. Kila sharti unaloliondoa sasa linapunguza kazi ya hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Weka kikomo cha urefu

Swali la kwanza ambalo mtu huuliza ni hili: nitajuaje kwamba nimetafuta vya kutosha? Huenda andiko lenye mionekano mia lingefaa. Jibu limo katika kazi hiyohiyo ya mwaka 1995: ikiwa swali na mionekano havina ulinganishaji wa namba kama «zaidi ya» au «pungufu ya», na andiko sawa lipo, basi lipo pia lenye mionekano isiyozidi idadi ya masharti ya swali. Swali letu lina masharti matatu, kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu andiko lenye mionekano minne.

Sababu yake inaeleweka bila hisabati nzito. Andiko likiwa sawa na swali, kila sharti la swali hupata mahali pake ndani ya mwonekano mmojawapo. Masharti matatu hukalia mionekano mitatu, au miwili, au mmoja. Mwonekano ambao haukukaliwa na sharti lolote unaweza kuondolewa: kuuondoa hakupunguzi majibu, na kwa kuwa masharti yote bado yana mahali pake, hakuongezi majibu ya uongo.

Kikomo hicho ndicho kinacholiweka tatizo ndani ya NP, yaani kundi la matatizo ambayo ushahidi wa «ndiyo» unahakikiwa haraka, lakini hakilifanyi jepesi. Kwa mionekano mitano na masharti matatu, makundi ya kujaribu, mwonekano mmoja ukiruhusiwa kurudiwa, ni 5 ya mmoja mmoja, 15 ya miwili miwili na 35 ya mitatu mitatu, jumla 55. Hayo yanawezekana kwa mkono ukiwa na chai ya kutosha. Kwa mionekano 30 na swali la masharti manane, makundi ya minane peke yake ni 38,608,020, na hapo bado hujachagua herufi ipi iungane na ipi.

Hatua ya 3: Chuja kwa herufi zilizofichwa

Hii ndiyo hatua inayookoa kazi, na ndiyo ninayoona watu wakiiruka. Mfumo wa utafiti uitwao Information Manifold, wa Levy na wenzake Anand Rajaraman na Joann Ordille wa mwaka 1996, ulikuwa na njia ya ndoo: kwa kila sharti la swali unaweka ndoo, unatupia humo kila mwonekano wenye jedwali hilo, kisha unajaribu michanganyiko yote ya ndoo. Kasoro yake ni kwamba ndoo hazisemezani. Mwonekano usiofaa huingia katika ndoo na hugunduliwa mwishoni kabisa, baada ya michanganyiko kuwa mingi. Rachel Pottinger na Levy waliondoa kasoro hiyo mwaka 2000 kwa algoriti ya MiniCon, ambayo kiini chake ni kanuni ifuatayo.

Unapoliweka sharti la swali juu ya sharti la mwonekano, angalia kila herufi ya swali imeangukia wapi. Ikiangukia herufi iliyo kichwani mwa mwonekano, hakuna tatizo. Ikiangukia herufi iliyofichwa, basi mambo mawili ni lazima yatimie: herufi hiyo isiwe kichwani mwa swali, na masharti yote ya swali yenye herufi hiyo yabebwe na mwonekano huohuo. Sababu ni kwamba safuwima iliyokwisha kufichwa haiwezi tena kuunganishwa na kitu kilicho nje.

Tuipitishe mionekano yetu katika kanuni hiyo. V1 inaficha m na a. Herufi m imo katika masharti ya Mkulima na Mzigo, nayo yote mawili yamo ndani ya V1. Herufi a imo katika Mzigo peke yake. V1 inapita, na inabeba masharti mawili kwa pamoja. V3 inaficha z na a. Z imo katika Mzigo na Mauzo, yote yamo ndani yake, kwa hiyo nayo inapita na kubeba mawili. V2 na V4 hazifichi chochote, kila moja inabeba sharti moja. V5 inabeba Mzigo na inaficha z, ilhali z inahitajika pia katika Mauzo ambayo haimo ndani ya V5. Inaondolewa hapohapo, na hairudi.

Kilichobaki ni kutafuta namna ya kuyabeba masharti yote matatu bila sharti moja kubebwa mara mbili. Namna hizo ni mbili tu: V1 pamoja na V2, na V4 pamoja na V3. Kutoka makundi 55 tumefika mawili kwa kusoma herufi peke yake.

Niliijua thamani ya hatua hii baada ya kuaibika. Katika ripoti yangu ya kwanza kwa tawi nilitumia V4, V5 na V2, kwa sababu majina ya majedwali yote matatu yalikuwemo na matokeo yalitoka bila hitilafu yoyote. Ripoti ilionyesha kwamba kila kijiji kimemuuzia kila mnunuzi. Mhasibu wa tawi akaniuliza kwa upole, «Kaka, viazi vya Isyonje na vya Kikondo vimeanza lini kupanda lori moja?» Kompyuta haikuwa na kosa. Nilikuwa nimekata uzi wa z, na mashine ikaunganisha kila kitu na kila kitu.

Hatua ya 4: Fumua, kisha hakiki pande zote mbili

Andika maandiko yaliyobaki:

A1(k, n) ← V1(z, k), V2(z, n)
A2(k, n) ← V4(m, k), V3(m, n)

Kufumua ni kuondoa jina la mwonekano na kuweka mwili wake mahali pake. Kila herufi iliyofichwa ipewe jina jipya, hata kama mwonekano uleule umetumika mara mbili, la sivyo utaunganisha vitu visivyoungana. A1 ikifumuliwa inakuwa: Mkulima(m1, k), Mzigo(z, m1, a1), Mauzo(z, n).

Sasa inahitajika kuonyeshwa kwamba swali limo ndani ya andiko na andiko limo ndani ya swali. Ashok Chandra na Philip Merlin walionyesha mwaka 1977 jinsi ya kufanya hivyo: ugandishe mwili wa kauli moja (kauli hapa ni swali au andiko lililofumuliwa), yaani uchukulie herufi zake kana kwamba ni data halisi ya kanzidata ndogo, kisha uiulize kauli ya pili juu ya kanzidata hiyo. Ikirudisha kichwa kilekile kilichogandishwa, basi kauli iliyogandishwa imo ndani ya ile iliyoulizwa. Kuilinganisha herufi ya kauli moja na herufi ya nyingine kwa namna hiyo ndiko kupachika. Kwa A1, m inapachikwa juu ya m1 na a juu ya a1. Ukigeuza upande, m1 inarudi kwa m na a1 kwa a. Pande zote mbili zinakubali, na A1 ni sawa na swali. A2 nayo inakubali kwa njia hiyohiyo. Upande mmoja peke yake hautoshi, kwani unathibitisha tu kwamba majibu hayazidi, au kwamba hayapungui.

Gharama ya upachikaji inahesabika kabla ya kuanza. Kila sharti la kauli unayoipachika lina nafasi nyingi kadiri ya masharti yenye jina hilohilo katika kauli iliyogandishwa. Zidisha nafasi hizo. Kwetu ni 1 mara 1 mara 1, kwa sababu hakuna jedwali lililorudiwa. Kauli mbili zinazotumia Mzigo mara sita kila moja zina nafasi 46,656, na zinazolitumia mara kumi zina nafasi bilioni kumi. Kwa hiyo ukiona swali linaliita jedwali lilelile tena na tena, kwa mfano kutafuta wakulima walioleta aina zilezile kwa mnunuzi yuleyule, hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, hata kama lina masharti machache kuliko swali refu la majedwali kumi tofauti.

Kuna nafuu moja kubwa. Masharti yakiungana kama mnyororo au matawi ya mti bila kurudi kufunga duara, upachikaji unafanyika kwa muda wa polinomiali, yaani muda usiolipuka kadiri swali linavyorefuka. Msingi wa jambo hilo uliwekwa na Mihalis Yannakakis mwaka 1981. Swali letu ni mnyororo: Mkulima, Mzigo, Mauzo. Maswali mengi ya ofisini yana umbo hilo.

Hatua ya 5: Chagua andiko, bila kuhangaika kutafuta fupi kuliko yote

Kutaka andiko lenye mionekano michache kabisa ni kujitafutia kazi nyingine. Fikiria swali lenye masharti kumi yote juu ya herufi moja, na mionekano ambayo kila mmoja una baadhi ya masharti hayo: kupata michache inayoyafunika yote ni tatizo la kufunika seti, mojawapo ya matatizo 21 ambayo Richard Karp aliyaonyesha mwaka 1972 kuwa NP-kamili. Uchache, kwa vyovyote, haumaanishi kasi. Pima ukubwa wa nakala. Kwetu V3 huwa ndogo kuliko V1, maana mkulima mmoja humuuzia mnunuzi mmoja mara nyingi, na A2 ndiyo ya haraka kwa swali hili. Lakini soma hatua ya 7 kabla ya kuifuta A1.

Hatua ya 6: Swali likiwa na kipimo

Kipimo cha kisheria cha gunia ni kilo 100, na kila mtu wa huku anajua habari ya lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Siku tawi litakapotaka orodha ya mizigo yenye magunia yaliyozidi kilo hizo, swali litakuwa na herufi u, yaani uzito wa gunia, na sharti u > 100, na kanuni za hatua ya 2 na ya 4 hazitoshi tena. Huenda usiwepo upachikaji mmoja unaofaa kwa hali zote. Inabidi uonyeshe kwamba kwa kila namna namba zinavyoweza kupangana, upo upachikaji unaofaa. Herufi tano zinaweza kupangana kwa njia 541, zikihesabiwa na zile za kulingana. Uhakiki wenyewe unapanda hadi daraja la pili la madaraja ya polinomiali (ngazi za kupima ugumu wa matatizo), juu ya NP, kama Anthony Klug na baadaye Ron van der Meyden walivyobainisha.

Kwa kazi za kawaida fanya hivi. Mwonekano unaobakiza safuwima ya uzito na kuchuja u > 90 unafaa, kwa sababu unaweza kuongeza u > 100 mwenyewe. Ulioficha uzito na kuchuja u > 120 unatoa sehemu ya jibu tu. Ulioficha uzito na kuchuja u > 90 haufai, kwani hutajua gunia la kilo 95 ni lipi.

Hatua ya 7: Kuhesabu na kujumlisha

Yote yaliyotangulia yanachukulia kwamba mstari unaojirudia ni sawa na mstari mmoja. Ukianza kuhesabu, dhana hiyo inavunjika. Mkulima akileta mizigo 12 na yote ikanunuliwa na mtu mmoja, V3 iliyohifadhiwa bila marudio ina mstari mmoja. A2 itahesabu 1 na A1 itahesabu 12. Surajit Chaudhuri na Vardi walionyesha mwaka 1993 kwamba marudio yakihesabiwa, maswali ya aina hii huwa sawa pale tu yanapokuwa swali lilelile lililobadilishwa majina ya herufi. Kwa hiyo kila mwonekano utakaotumika kwa hesabu ubakize namba ya mzigo.

Hatua ya 8: Andiko sawa lisipopatikana

Tuseme V2 inaondolewa na badala yake tawi linapewa V6, yenye mauzo ya fedha taslimu peke yake, na V3 haipo. Hakuna andiko sawa. Bado unaweza kutoa majibu yote ya hakika yanayotolewa na mionekano iliyopo, mradi ripoti iandikwe waziwazi «angalau hawa» na si «hawa tu». Oliver Duschka na Michael Genesereth walitoa mwaka 1997 njia ya kuigeuza kila kanuni ya mwonekano kichwa chini miguu juu, ambayo hutengeneza andiko hilo kwa muda wa polinomiali.

Mitego ni miwili, na yote inatokana na kazi ya Serge Abiteboul na Duschka ya mwaka 1998. Wa kwanza ni alama ya «si sawa na». Ukiiweka katika swali, mathalani vijiji vyenye wanunuzi wawili tofauti, gharama ya majibu ya hakika inaweza kuruka na kuwa coNP-kamili (ndugu wa NP-kamili, ambapo kinachohakikiwa haraka ni ushahidi wa «hapana») kwa ukubwa wa data, na hapo ndipo magunia yanaanza kweli kuwa tatizo. Wa pili ni kudai kwamba nakala ni kamili. Mtu angedhani ujuzi zaidi unarahisisha kazi. Kumbe ukisema «kisichomo hapa hakipo kabisa», inakubidi uzipime kanzidata zote zinazolingana na kauli hiyo, na gharama inafika coNP hata bila alama ile. Dai ukamilifu pale tu unapouhitaji.

Hatua ya 9: Kuweka andiko kazini

Kati ya programu za kanzidata, PostgreSQL imekuwa na mionekano iliyohifadhiwa tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, lakini haiandiki upya maswali yenyewe ili kuitumia. Oracle hufanya hivyo. Ukitumia ya kwanza, andiko uliloliona kwa mkono ndilo utakaloliweka katika programu.

Kwa kuwa utafutaji unategemea maelezo ya mionekano na si data, ufanye mara moja Mbeya, kisha upeleke Makambako andiko lililokwisha kuhakikiwa. Hifadhi pamoja nalo maelezo ya mionekano yaliyotumika na upachikaji wa pande zote mbili. Anayekuja baada yako ataweza kuuhakiki kwa dakika chache bila kurudia utafutaji. Mwonekano wowote ukibadilishwa, rudi hatua ya 3. Nakala za V1 na V2 zichukuliwe kutoka hali moja ya kanzidata kabla malori ya alfajiri hayajaondoka, kwa sababu V2 ikiwa ya leo na V1 ikiwa ya jana, mizigo ya asubuhi itakuwa na mnunuzi bila kijiji, na A1 itaiacha yote bila kutoa onyo lolote.